Fedha Zilizokuja na Hofu: Miaka Yangu Katika Hazina ya Shirika la Dini Mbalimbali

Msikiti una maamuma wake na kanisa lina washiriki wake, lakini shirika la dini mbalimbali halina muumini hata mmoja aliye wake peke yake. Jambo hilo nililielewa polepole nikiwa mweka hazina wa shirika dogo la aina hiyo hapa Mombasa, na ndilo linaloeleza karibu kila kilichotupata katika fedha tangu nilipokabidhiwa vitabu vya hesabu mwaka 2009. Mwislamu anayetoa zaka ana makundi manane ya wanaostahili kuipokea, yaliyotajwa katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, na masheikh wanaoketi katika bodi yetu walitueleza tangu mwanzo kwamba kodi ya ofisi na mshahara wa mratibu wa mazungumzo baina ya dini havimo humo. Mkristo anayetoa fungu la kumi hulipeleka kanisani kwake. Mhindu huchangia hekalu na jumuiya yake, na wazee wa kaya za Wamijikenda, ambao nao ni wajumbe wetu, hawana desturi ya kukusanya fedha kila wiki kwa ajili ya taasisi yoyote. Kwa hiyo shirika linalowakutanisha wote hao hupata kile kinachosalia baada ya kila mtu kutimiza wajibu wake kwao, na kinachosalia katika mifuko ya watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe si kingi.

Shirika letu lilianzishwa na masheikh, mapadri, wachungaji na walimu wachache baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997. Kwa miaka mingi liliendeshwa kwa ada za wanachama, chumba kimoja cha kupanga na leja moja yenye jalada gumu. Ruzuku ya kwanza ya maana ilikuja baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mimi niliingia katika hazina muda mfupi baadaye, nikitoka katika uhasibu wa kampuni ya uwakala wa forodha, ambako kazi ikiongezeka mapato nayo huongezeka. Katika shirika la amani nilikuta utaratibu mwingine kabisa. Mapato yetu hayakufuata wingi wa kazi tuliyofanya wala ubora wake, bali yalifuata kiwango cha hofu kilichokuwa mjini kwetu na katika miji mikuu ya nchi za wafadhili.

Wanaoikumbuka Mombasa ya miaka ile wanajua ninachosema. Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyetuhumiwa kuunga mkono kundi la al-Shabaab, aliuawa kwa kupigwa risasi, mji ukaingia katika ghasia, na makanisa yakashambuliwa. Februari 2014 polisi walivamia Masjid Musa, na mwezi uliofuata waumini walipigwa risasi wakiwa ndani ya kanisa huko Likoni. Juni mwaka huohuo yakatokea mauaji ya Mpeketoni, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 wakauawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Katika kipindi hichohicho, Februari 2015, serikali ya Marekani iliandaa mkutano mkubwa Washington kuhusu kukabiliana na itikadi kali, na Septemba 2016 Kenya ikazindua mkakati wake wa kitaifa. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na bajeti nyuma yake, na sehemu ya bajeti hizo ilitafuta masheikh na wachungaji waliokuwa tayari wanafahamiana na kuaminiana. Sisi tulikuwa nao. Barua za kutualika tuwasilishe maombi ya ruzuku zilianza kuja bila sisi kuzitafuta, na katika muda mfupi mapato yetu ya mwaka yalipanda mara kadhaa kuliko yalivyokuwa nilipoanza kazi.

Nilipoketi na mkaguzi wa hesabu mwishoni mwa mwaka wetu wa neema kuliko yote, nilimwomba tuyagawe mapato yote katika safu mbili. Safu ya kwanza iliwekwa fedha zenye masharti, yaani zile ambazo mfadhili amekwisha kuamua zitumike kwa warsha gani, kwa vijana wangapi, katika kata zipi na kabla ya tarehe ipi. Safu ya pili iliwekwa fedha huru, ambazo bodi inaweza kuzitumia kwa hitaji lolote la shirika. Fedha huru hazikufika sehemu moja ya kumi ya jumla. Tulikuwa na gari, kompyuta na wafanyakazi zaidi ya kumi, lakini kama wafadhili wote wangeondoka tarehe moja, tusingeweza kulipa kodi ya ofisi kwa robo mwaka. Mjumbe mmoja, mzee wa Kigiriama ambaye huzungumza mara chache katika vikao, aliiangalia ile karatasi kwa muda kisha akasema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tangu siku hiyo niliomba kila taarifa ya fedha inayoletwa mbele ya bodi ianze na safu hizo mbili, kabla hata ya kutaja jumla ya mapato, kwa sababu niliona jinsi tarakimu kubwa ya jumla ilivyokuwa ikiwafariji watu wazima wenye busara zao.

Inafaa nieleze ugumu wa fedha zenye masharti, kwa kuwa wengi walio nje ya mashirika hudhani kwamba ruzuku ikitiwa saini fedha zimepatikana. Ruzuku nyingi hulipwa kwa awamu, na awamu inayofuata haitolewi mpaka taarifa ya awamu iliyotangulia isomwe na ikubaliwe na ofisi ambayo huenda iko Nairobi au ng'ambo. Katikati ya kungoja huko, mishahara ina tarehe yake, mwenye nyumba ana tarehe yake, na kodi ya mapato ya wafanyakazi inapaswa kumfikia mtoza ushuru ifikapo tarehe 9 ya mwezi. Shirika lenye ruzuku tatu kwenye karatasi linaweza kukaa wiki nyingi bila fedha za kununulia hata wino wa printa. Hapo ndipo linapokuja shauri ambalo mweka hazina yeyote wa shirika dogo hulisikia mapema au baadaye, kwamba achukue katika akaunti ya mradi mmoja alipie mradi mwingine, atarudisha awamu itakapoingia. Bodi yetu ilikataza jambo hilo kwa maandishi, na ninaishukuru kwa hilo hadi leo, maana nimeona mashirika mazuri yaliyofungwa si kwa sababu mtu aliiba, bali kwa sababu awamu iliyotarajiwa haikuja na hakuna aliyeweza kueleza fedha za mradi wa kwanza zilikwenda wapi.

Kisha kuna gharama ambazo hakuna mfadhili anayezipenda: mhasibu, ukaguzi, umeme, mlinzi, bima ya gari. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, shirika ambalo halijajadiliana kiwango chake lenyewe liliruhusiwa kudai asilimia 10 kwa gharama hizo, na kiwango hicho kilipandishwa kuwa asilimia 15 kuanzia Oktoba 2024, wakati ambapo, kama tulivyokuja kuona, kilikuwa na miezi michache tu ya kutufaa. Wafadhili wengine hutoa pungufu ya hapo au hawatoi kabisa. Maana yake ni kwamba kila mradi mpya, ambao kila mtu huupigia makofi, huacha pengo dogo katika gharama za uendeshaji, na pengo hilo hujazwa na zile fedha huru chache. Tulifika mahali ambapo bodi ilikataa ruzuku mbili kwa kuwa hesabu ilionyesha zingetugharimu kuliko zitakavyotuletea. Haikuwa rahisi kuwaeleza vijana wetu wa miradi kwamba kukataa fedha kunaweza kuwa njia ya kulinda fedha.

Upande wa matumizi nao una mambo ambayo ni ya shirika la dini mbalimbali tu. Kubwa kati ya hayo ni ofisi. Zaidi ya mara moja tumepewa chumba cha bure, mara katika uwanja wa kanisa, mara katika jengo la msikiti, na kila mara waliotupa walikuwa na nia safi. Ukiitazama kwa jicho la mhasibu, ni vigumu kukataa chumba kisicho na kodi. Lakini mama wa Kiislamu ambaye mwanawe ametoweka, na ambaye anataka kuzungumza na mtu asiye polisi na asiye jirani, hataingia kwa urahisi katika uwanja wa kanisa mbele ya macho ya mtaa mzima, na mchungaji kutoka bara ambaye kanisa lake limetishwa hatapanda ngazi za jengo la msikiti. Kwa hiyo tuliendelea kulipa kodi katika jengo la biashara lisilo na alama ya dini yoyote, na katika kila bajeti nilipoombwa kupunguza kifungu hicho nilieleza kwamba kodi hiyo ndiyo inayonunua kuaminiwa na pande zote. Mikutano mikubwa, kwa upande mwingine, tuliipeleka kwa zamu katika kumbi za nyumba za ibada, na hapo tuliokoa fedha nyingi ambazo zamani ziliishia hotelini. Chakula kilipikwa na mpishi ambaye nyama yake ni halali na ambaye huandaa pia mboga na dengu kwa wajumbe Wahindu, na akina mama wa jumuiya mwenyeji walisimamia ugawaji wake.

Suala lililotuchukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa riba. Tulipoanza kuweka akiba kidogo, benki yetu ilitushauri tuiweke katika akaunti ya muda maalumu ili izae. Ushauri huo ni wa kawaida, na katika shirika jingine ungepita bila neno. Kwetu, mmoja wa masheikh alisema kwa upole kwamba hawezi kutia saini azimio hilo, na kwamba akinyamaza likapita, waumini wake watasema shirika linamlipa nauli kwa fedha za riba. Wajumbe Wakristo hawakuliona jambo hilo kwa namna moja. Baadhi walisema akiba ni ya wote na isipozaa itamomonyolewa na mfumuko wa bei, jambo ambalo ni kweli. Mchungaji mmoja mzee akawakumbusha wenzake kwamba hata Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mstari wa 19, linakataza kumtoza ndugu riba, na kwamba kama wao wamekwisha kulizoea jambo hilo, haiwapi ruhusa ya kumlazimisha mwingine. Mjadala ulivuka vikao kadhaa, na ninaamini ulikuwa miongoni mwa mazungumzo bora zaidi ya dini mbalimbali tuliyowahi kuwa nayo, ingawa hakuna mfadhili aliyeugharimia.

Tulikubaliana kuhamishia akiba katika benki inayofuata sharia, ambazo Kenya ilikwisha kuwa nazo tangu mwaka 2008 zilipoanza Gulf African Bank na First Community Bank, katika akaunti ya mudharaba ambayo mwenye fedha hugawana na benki faida inayotokana na biashara. Ilibaki ile riba kidogo iliyokuwa imekwisha kuingia katika akaunti ya zamani. Masheikh walitoa maoni ambayo ni ya kawaida kwa wanazuoni wengi, kwamba fedha hizo zisitumiwe na shirika wala zisihesabiwe kuwa sadaka, bali zitolewe kwa manufaa ya umma, na bodi ikaamua zikarabati vyoo vya shule moja ya msingi ya serikali wanakosoma watoto wa dini zote. Mkaguzi wetu aliliandika jambo hilo katika maelezo ya hesabu kwa aya mbili zilizo wazi, na sijawahi kulazimika kulieleza upya kwa mtu yeyote.

Kutokana na mjadala huo tulijifunza kwamba kila chanzo cha fedha kinahitaji kuulizwa na kila dini kabla ya kupokewa, na tukaandika sera fupi ya kupokea michango. Bahati nasibu iliondolewa, kwa kuwa Waislamu na baadhi ya makanisa ya Kiprotestanti huihesabu kuwa kamari. Kampuni za kamari, ambazo zilikuwa zikitafuta sana kufadhili mashindano ya vijana, ziliondolewa kwa sababu hiyohiyo, na kampuni za pombe vilevile. Ugumu zaidi ulikuwa kwa wanasiasa. Kila mwaka wa uchaguzi, 2013, 2017 na 2022, alikuja mtu mwenye bahasha nene akitaka kuikabidhi mbele ya kamera, na kila mara ilitubidi tumweleze kwamba shirika haliwezi kupokea fedha za mgombea yeyote, kwa kuwa kesho huenda tukatakiwa kusimama kati ya wafuasi wake na wa mpinzani wake. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa michango iliyotolewa na Rais, wengi nchini walishangaa. Sisi tulifarijika kuona taasisi kubwa ikithubutu jambo ambalo taasisi ndogo hulifanya kwa hasara kubwa zaidi na bila mtu kuliona.

Mwaka 2015 ulitufundisha pia thamani ya karatasi. Desemba iliyotangulia, serikali ilikuwa imefuta usajili wa mashirika 510, mengi kwa kutowasilisha hesabu zao, na baada ya shambulio la Garissa akaunti za mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapahapa Mombasa zilifungwa kwa miezi kadhaa, mpaka mahakama ilipoyaondolea tuhuma na kuamuru yaendelee na kazi. Sisi hatukuguswa, lakini shirika lenye jina lililochanganya Uislamu na amani, katika mji huu na katika mwaka ule, lilikuwa likitazamwa. Tuna mfadhili mmoja mzaliwa wa Mji wa Kale anayeishi Oman, ambaye kila Ramadhani hututumia sadaka isiyo na sharti lolote, na mwaka huo benki tuliyokuwa nayo iliizuia kwa wiki nyingi ikitaka maelezo juu ya maelezo. Tulikuwa na barua zake zote za miaka iliyopita, stakabadhi tulizompa, na kumbukumbu za vikao vya bodi zilizoonyesha kila shilingi ilivyotumika. Fedha ziliachiliwa. Tangu hapo hakuna mchango unaoingia bila barua na stakabadhi, hata ukiwa wa shilingi mia mbili kutoka kwa mama muuza mahamri.

Janga la korona halihitaji maelezo marefu. Machi 2020 nyumba za ibada zilifungwa, sadaka zikakauka kila mahali, na kwa kuwa warsha hazikuweza kufanyika, fedha zenye masharti zilikaa benki zikitazamwa tu, mpaka wafadhili walipokubali kubadilisha vifungu. Waliokubali kwa haraka waliokoa ajira za watu. Mwaka huohuo Uingereza iliunganisha wizara yake ya misaada na ile ya mambo ya nje, na mwaka uliofuata ikapunguza misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi asilimia 0.5, na mradi wetu mmoja uliotegemea fedha za huko ukamalizika kabla ya muda wake kwa barua ya ukurasa mmoja.

Yaliyokuja baada ya hapo yalikuwa ya taratibu zaidi na kwa hiyo hayakuonekana upesi. Bajeti zetu nyingi ziliandikwa kwa dola, na shilingi ilipokuwa ikishuka hadi kufikia takriban 160 kwa dola mnamo Januari 2024, kila awamu iliyoingia ilileta shilingi nyingi kuliko tulivyopanga. Dola 10,000 zilikuwa shilingi 1,600,000. Mratibu wetu alitaka kuongeza shughuli, na alikuwa na hoja, kwa sababu bei za mafuta na vyakula nazo zilikuwa zimepanda. Niliomba sehemu ya ziada hiyo iwekwe pembeni, kwa idhini ya wafadhili walioruhusu. Serikali ilipopata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 mwezi Februari ili kununua sehemu ya deni lililokuwa likiiva Juni, shilingi ilipanda haraka, na kufikia katikati ya mwaka dola 10,000 zilezile zilikuwa karibu shilingi 1,290,000. Shilingi 310,000 zilikuwa zimetoweka katika kila dola elfu kumi bila mtu yeyote kufanya kosa, na mishahara ilikuwa imeahidiwa kwa shilingi.

Wakati huohuo makato ya kisheria yalikuwa yakipanda. Kwa miaka mingi mchango wa mwajiri kwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ulikuwa shilingi 200 kwa mfanyakazi kwa mwezi. Kuanzia Februari 2023 ulianza kupanda kwa hatua, na kufikia Februari 2025 kiwango cha juu kilikuwa shilingi 4,320 kwa mwajiri na kiasi hichohicho kwa mfanyakazi. Ushuru wa nyumba uliongeza asilimia 1.5 kwa kila upande, na kuanzia Oktoba 2024 mfanyakazi akakatwa asilimia 2.75 kwa bima mpya ya afya. Sina ugomvi na wazo la pensheni wala la bima, maana nimewaona makatekista na maalimu wa madrasa wakizeeka bila chochote. Ninachosema ni kwamba bajeti ya ruzuku ya miaka mitatu iliyotiwa saini mwaka 2022 haikuwa na kifungu cha gharama hizo, na mfadhili alipoulizwa alijibu kuwa jumla haiwezi kubadilishwa. Pengo likajazwa, kama kawaida, na fedha huru.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na siku chache baadaye amri za kusimamisha kazi zikamfikia kila aliyekuwa na mkataba, tukiwemo sisi tuliokuwa wapokeaji wadogo chini ya shirika kubwa. Kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika la misaada la serikali hiyo, ilikuwa imefungwa rasmi. Awamu ambayo ilikwisha kutumika na ilikuwa ikingoja kurudishwa ilichelewa kwa miezi, na tuliwaaga wafanyakazi wanne, wawili kati yao wakiwa vijana waliokulia katika mabaraza yetu ya Kisauni. Bado ninaona uchungu nikifikiria ile siku ya kuwapa barua zao. Lakini tuliwalipa stahiki zao zote kwa shilingi ya mwisho, kodi ya ofisi ililipwa, na baraza la amani la kila mwezi halikukosekana hata mara moja, na yote hayo yalitoka katika akiba iliyoanza na ule mjadala wa riba.

Akiba hiyo haikukusanywa na wafadhili wakubwa. Ilitokana na nambari ya M-Pesa ya shirika, ambayo mwanzoni ilidharauliwa kwa sababu michango yake ilikuwa midogo, pamoja na uamuzi kwamba kila nyumba ya ibada iliyo mwanachama ilipe ada ya mwaka kulingana na uwezo wake, kuanzia msikiti mkuu wenye maduka ya kukodisha hadi kanisa la mabati la Mshomoroni. Jina la kila aliyelipa, pamoja na kiasi chake, lilisomwa katika mkutano mkuu, na katika muda wa miaka michache hakuna aliyetaka jina lake likosekane. Masheikh walikubali kuutaja mfuko wetu katika Ramadhani kuwa mahali pa kupeleka sadaka, si zaka, na walieleza tofauti hiyo mimbarini kwa uwazi. Makanisa matatu yalitenga Jumapili moja kwa mwaka. Jumuiya za Wahindu na Mabohora zilichukua jukumu la gharama ya ukaguzi wa hesabu, kwa kuwa wafanyabiashara wao wanajua ukaguzi una thamani gani. Nimekaa na hesabu hizi kwa muda wa kutosha kujua kwamba fedha za aina hii zina tabia tofauti na za ruzuku: hazipandi mji unapowaka moto na hazishuki mji unapotulia, kwa sababu anayezitoa anaishi hapahapa, na utulivu ni wake. Katika mwaka wa fedha uliopita fedha huru zilikaribia nusu ya mapato yetu. Sehemu ya ongezeko hilo, nakiri, inatokana na kuporomoka kwa ile nusu nyingine.

Sasa bodi inajadili kununua vyumba viwili vya duka Kongowea ili kodi yake iwe msingi wa kudumu wa gharama za uendeshaji. Masheikh wanapendelea mali hiyo iwekwe wakfu, jambo lenye mizizi mirefu katika Pwani hii, ingawa kuna swali la kweli kama wakfu unaweza kuandikwa kwa manufaa ya taasisi ambayo nusu ya wajumbe wake si Waislamu. Mawakili wa upande wa makanisa wanashauri iandikishwe chini ya wadhamini, kwa sheria ileile ya wadhamini ambayo makanisa yenyewe huitumia kumiliki mashamba na majengo. Tumeomba maoni ya Tume ya Wakfu, ambayo ofisi yake iko hapa mjini, na ya wakili mmoja asiye na uhusiano na upande wowote. Mimi nimeombwa kuleta katika kikao kijacho makadirio ya kodi ya vyumba hivyo baada ya kuondoa ukarabati, ushuru wa kaunti na miezi ambayo huenda vikakaa wazi, pamoja na ratiba ya malipo ambayo haitaigusa akiba ya mishahara ya miezi sita.